Machozi ya Mwakani

Siku hizi mashine ya utabiri huwataja washindi wa tuzo za filamu mwaka mzima kabla filamu zenyewe hazijarekodiwa, na haijawahi kukosea. Asubuhi hiyo ilimtaja mwigizaji Mwanaidi: atashinda kwa kumwigiza mjane, kwa machozi ya kweli.

Wambea wa mtandaoni wakaanza kubashiri gauni lake. Shekue, mumewe, alicheka mpaka akapaliwa na chai.

"Wewe, Mama Zaituni? Wewe ambaye bila kitunguu hutoi hata chozi?"

Mwanaidi hakucheka. Aliiondoa sukari mezani, mbali na kikombe cha mumewe.

"Haya, tufanye mazoezi kama kawaida yetu," Shekue alisema, akajinyoosha kwenye kochi na kufumba macho. "Mimi marehemu. Lia."

"Amka."

Shekue alijikaza asicheke, wala hakusogea.

"Baba Zaituni, amka basi."

Machozi yalikuwa yakimtoka Mwanaidi, na vitunguu vyote vilikuwa jikoni.