Kitanda Kinachojulia Hali

Katika mji ule wa theluji, joto la hoteli hupewa anayelalamika tu. Kila saa kitanda hukujulia hali kwa lugha ya kwenu. Ukisema u mzima, kinapunguza joto lako na kulipeleka kwa anayeteseka.

Binti yangu Nasra, mwenye miaka sita, aliielewa sheria kabla hajavua koti. "Nakufa kwa baridi!" akapiga kelele, na shuka zake zikapata moto kama mkate utokao tanurini.

Kitanda cha mama yangu nacho kikauliza, "Hujambo, Bi Mwanakombo?"

"Sijambo, alhamdulillahi," akajibu, meno yakigongana.

"Mama, sema unaumia!"

"Nianze na shida zangu kabla ya salamu? Sikulelewa hivyo, Zuhura."

"Si mtu, mama. Ni kitanda."

"Kimenisalimia kwa adabu."

Nikajaribu kumjibia, kikakataa. Kinasikiliza sauti ya mwenyewe tu. Nikamvika koti langu, nikamwongezea blanketi langu. Kulipokucha vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, hawezi kushika kikombe.

Nikashuka mapokezi nikiwaka. "Mmemgandisha mama yangu!"

Mhudumu akatazama kumbukumbu, akasema kwa upole, "Tulimuuliza mara kumi na nne. Kila mara alisema hajambo. Tungejuaje?"

Nikafungua mdomo nimtukane. Nikakumbuka simu zangu za kila Ijumaa, miaka kumi na mmoja sasa. Hujambo, mama? Sijambo, mwanangu. Haya, tutaongea. Kisha nakata simu, moyo wangu umetulia.