Kibuyu cha Kalunde

Siku hizi mtu akifa, vijidudu vya tumboni mwake hupewa ndugu mwenye ugonjwa wa kutetemeka. Nyamizi alipewa vya dada yake Kalunde, mara moja tu kama sheria inavyosema, akavikuza ndani ya kibuyu cha mtindi. Kila asubuhi alikunywa bilauri moja, akabakiza kidogo kibuyuni kiwe mbegu ya mtindi wa kesho. Mikono ikatulia hata akaweza kutunga uzi kwenye sindano.

Lakini akaanza kutamani ndimu kwa chumvi, naye hakuwahi kuzipenda. Na kila ikitimu saa tisa alasiri moyo ulimwenda mbio, akainuka kusimama mlangoni, kama Kalunde alivyosimama miaka kumi akimngoja mume aliyekwenda machimboni.

"Leo tena, mama?" mkamwana wake Milembe alimtania. "Shemeji yako akitokea utamwambia nini?"

"Kwamba chakula kimepoa."

Siku ya Jumanne, Milembe alikisugua kibuyu kwa maji ya moto, akakifukiza kwa kaa la moto.

"Kilikuwa kinanuka, mama. Kwetu mtindi hupenda moshi."

Nyamizi alikinusa. Uchachu wa Kalunde ulikuwa umekufa, pamoja na mbegu yake.

"Ahsante, mwanangu," alisema, maana binti alikusudia heshima.

Tangu hapo kila alasiri alikaa kitini, akiusikiliza mwili wake. Wiki ya tatu kidole gumba kilianza kucheza. Hilo angelivumilia. Lakini siku hiyo saa tisa ilipita, moyo ukiwa tuli, na hakuna kilichomwinua.

Akainuka mwenyewe, akaenda mlangoni, akaanza kungoja.