Fundi na Lango la Chuma

"Afande, nifungulie."

Askari wa lango aliendelea kukoroga chai yake kibandani. "Nimeshakwambia. Bila ruhusa ya mkuu wa gereza, huvuki hapa."

Fundi, kama alivyoitwa na gereza zima tangu aingie karakana ya useremala, alishika vyuma vya lango, akaviachia, akavishika tena. Usiku kucha godoro lilikuwa limemkataa. Alijigeuza huku na huku akisikiliza waliobanana naye chumbani wakikoroma, na kabla hakujakucha alishavaa viatu.

"Mkuu anafika saa ngapi?"

"Akifika utamwona."

Saa tatu ndipo Fundi alipotakiwa kusimama mbele ya jopo la chuo. Chuo chenyewe kilikuwa cha Kikristo, na kilikuwa kimeamua kuwafundisha wafungwa kama wanafunzi wake wengine: historia, falsafa, Biblia, fasihi, na hesabu iliyomtoa Fundi jasho kuliko randa. Miaka minne alikuwa ameisotea digrii hiyo, yeye aliyeingia gerezani akisoma kwa kufuatisha maneno kwa kidole. Ulibaki mtihani mmoja tu, wa kujieleza kwa mdomo.

"Wakianza bila mimi, nimekwisha," alisema.

"Kila mtu ana sababu ya kutaka kupita hapa. Nikifungulia kila mwenye sababu, kazi yangu itaota mbawa."

"Lakini wewe unanijua, Afande."

"Nakujua sana. Ndiyo maana nasita." Askari akapuliza chai. "Mama yako anasemaje?"

Fundi aliangalia chini. "Analia. Anasema nimerukwa na akili."

"Basi msikilize mama."

Gari la mkuu lilisimama. Mkuu akashuka, akamtazama Fundi aliyelowa jasho, akashusha pumzi. "Wewe tena!"

"Shikamoo, Mkuu. Naomba muda wa saa mbili tu. Nikimaliza, nitarudi mwenyewe, bila kusukumwa."

"Sheria haina kifungu cha mtu kama wewe."

"Najua. Basi Afande anisindikize hatua kwa hatua. Hata pingu nifungeni, mradi nifike."

Mkuu alitazama saa yake. Mahali fulani kengele ililia, na Fundi akafumba macho kama aliyepigwa.

"Mpekue," mkuu alimwambia askari hatimaye. "Halafu mfungulie, kabla sijabadili mawazo."

Lango lilikwaruza sakafu. Fundi akapita karibu mbio, askari akimfuata nyuma huku akilalamika kuhusu chai yake.

Wanafunzi wenzake, wote katika sare za wafungwa, walikuwa wamejipanga kwenye mlango wa kanisa dogo la gereza. Mmoja alimwona, akaruka.

"Fundi! Si umeachiwa huru juzi? Umerudi kufanya nini huku ndani?"

"Mtihani," alisema Fundi, akihema. "Wameshaanza?"