Wageni Wasiosema

Walikuwa watatu, wamekaa juu ya kabati la nguo wakining'iniza miguu, na Mama Sindano alijifanya hawaoni. Watoto wazuri, makoti ya bluu, kola zimekaa sawasawa. Akiwa fundi cherehani tangu usichana wake, angeweza kuhesabu hata matundu ya vifungo. Mume wake alikuwa mbele yake tu, anampa kikombe cha chai, lakini uso wake hakuuona. Tangu macho yaanze kufa, katikati ya kila kitu palikuwa na ukungu.

"Unaangalia nini?" mzee akauliza.

"Siangalii kitu. Kunywa chai yako."

Miezi mizima aliishi hivyo, roho mkononi. Alijifunika shuka gubigubi mchana kweupe, hali, haogi, hataki kuonana na mtu. Neno alilokuwa akiliogopa ni moja tu: kichaa. Binti yao alikwisha kusema bila kuuma maneno kwamba mama akianza kuchanganyikiwa, nyumba inafungwa, mama anakuja kwake na baba anakwenda kwa mtoto wao wa kiume, mji mwingine kabisa. Watenganishwe uzeeni! Kuna siku Mama Sindano aliomba afe kabla hawajagundua. Hakujua ataishi vipi bila yule mzee wake mbishi, mwenye kukoroma hata akisinzia kitini.

Siri ilifichuka siku aliporusha kandambili kabatini na kufoka, "Tokeni kwangu, mashetani nyie!" Mzee alikuwa nyuma yake. Hakucheka, wala hakukimbilia kumpigia simu binti yao. Alimkalisha kitandani, akasikiliza yote, kisha akamvalisha viatu na kumpeleka kwa daktari wa macho.

Daktari alikuwa msichana mwenye sauti ya upole. "Hao watu, nyuso zao unaziona, mama?"

"Kuliko ninavyokuona wewe, mwanangu. Mpaka kope."

"Basi akili yako ni nzima. Macho yakishindwa kazi, ubongo unajichorea picha zake. Inawapata wengi, ila wanaogopa kusema kama wewe. Ukimwona mtu, msemeshe. Hawa hawana sauti. Asipojibu, hayupo. Endelea na shughuli zako."

Mama Sindano alilia pale pale kitini, kwa sauti, bila aibu. Mzee alimfuta machozi kwa leso yake na kumwambia aache kumharibia daktari sakafu.

Wiki hiyo hiyo mzee aliamka kichwa kinamgonga. Alikataa dawa kama kawaida yake, akatoka kwenda dukani kununua mkate. Mama Sindano aliingia bafuni, akafungua bomba mpaka mwisho, akaimba. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoimba. Alipomaliza alijifunga khanga, akaenda jikoni kubandika chai, na huko akamkuta mgeni wa siku hiyo.

Alikuwa mwanamume. Amekaa sakafuni, ameegemea kabati la vyombo, kichwa kimelala upande. Moyo ulimruka Mama Sindano, kwa mazoea tu. Kisha akamkumbuka daktari, akajishika kiuno.

"Haya, sema. Wewe nani?"

Kimya. Mkono mmoja uliinuka ukamwelekea, ukashuka.

Alimkagua kwa jicho la ufundi. Huyu hata hakushonwa vizuri. Uso ukungu mtupu, shati doa la kijivu, kifungo hakionekani hata kimoja. Leo walikuwa wamelipua kazi.

"Husemi? Basi hupo," akamwambia, na sauti yake haikutetemeka. "Umenikondesha miezi yote hii, mwanaizaya wewe. Leo hunipati."

Akafunga mlango wa jikoni, akaenda sebuleni na kufungulia redio. Chai ingesubiri. Alitaka kuinywa na mzee wake huku akimsimulia.

Mchana ukapita. Alijiambia kwamba mzee akikutana na wenzake dukani hana habari ya saa. Baadaye akapunguza redio, apate kusikia geti. Jua lilipoanza kushuka alikuwa akizunguka sebule, akipapasa viti.

Binti yao alipoingia kuwasalimu akitokea kazini, mama yake hakumpa hata nafasi ya kutua mkoba.

"Leo nimemshinda mmoja! Jikoni, amekaa chini, ananinyooshea mkono. Nikamwambia sema, hasemi. Nikamfungia mlango."

Binti, ambaye baba alikwisha kumweleza yote ya daktari, alicheka mpaka akashika ukuta. Akamkumbatia mama yake, akamkumbatia tena. "Nisamehe, mama. Nilikuwa na woga tu. Hahamishwi mtu. Wewe na baba mtakaa hapa hapa mpaka mtuchoke."

Mama Sindano aliyasubiri maneno hayo muda mrefu. Yalimwingia mwili mzima, lakini wasiwasi haukumwacha.

"Tatizo ni huyo baba yako. Ametoka tangu asubuhi, mkate tu, mpaka sasa hajarudi. Hebu nenda kamtazame huko dukani."

Binti alikwisha kuinama mlangoni kuvua viatu vyake.

"Hajarudi vipi, mama? Viatu vyake si hivi hapa?"