Unga wa Glavu

"Kwenye hiyo fomu ya mafunzo chagua uuguzi wa wazee," shangazi alimwambia Benedicta, huku akichovya chapati kwenye mchuzi. "Hospitalini utafanyishwa kazi kama punda. Kwa wazee unaanza na dola ishirini kwa saa, na mtu akijikojolea unamwachia wa zamu inayofuata. Atakushtaki kwa nani, na hata jina lake halikumbuki?"

Shangazi alikuwa ametoka kazini, ameshuka basi la barabara ya Finch na kuja moja kwa moja mezani. Unga mweupe wa glavu za kazini ulikuwa bado umeganda kwenye kucha zake, naye alikuwa akivilamba vidole kimoja kimoja.

Benedicta akaisukuma sahani yake mbali. Akatia alama kwenye wazee.

"Umeona faida," shangazi akacheka.

"Nyumba yenu ya wazee ni ipi, shangazi? Nataka kuanzia hapo hapo, kwenye zamu inayofuata yako."