Kiti cha Mtangazaji

Nadhira, muuza vitenge ambaye duka lake linatazamana na chumba cha televisheni, mpaka leo anadai yule mwanamke alikuwa amelewa. Anasema aliingia akiyumba, akamsukuma Hamis, akapora deki.

Coleta hakuwa amelewa. Alikuwa ametoka Muze, kule bondeni, juu ya magunia ya mpunga, na tangu lori limshushe ganzi ilikuwa haijamtoka miguuni. Deki ni kweli aliichukua.

Mwaka ule televisheni ya waya ndiyo kwanza ilikuwa imeingia Malangali. Hamis alikuwa mwenye mali, fundi na mtangazaji. Alikuwa na kamera moja, deki moja, kiti kimoja na pazia la bluu. Ratiba ya siku aliibandika mlangoni: saa tatu kwaya, saa sita mieleka, saa tisa mchezo wa kuigiza, saa kumi na moja matangazo ya vifo. Hayo ya mwisho hakuna aliyekubali yampite.

Coleta alimkuta anaweka kanda ya kwaya. Akamwambia tangazo la jana, la msiba wa kwa Alois, lina kosa, alirekebishe.

Hamis akauliza kama ni jina. Jina lilikuwa sawa. Kijiji? Mpui, sawa pia. Umri ulizidishwa miaka miwili, lakini hilo Coleta alisema amesamehe.

"Marehemu ni nani wako, dada?"

"Tulizaliwa siku moja."

Hamis akampa pole. Ila tangazo, alisema, hurekebishwa na aliyelileta, naye ni Alois, kaka wa marehemu. Marehemu alishazikwa hukohuko bondeni. Kesho asubuhi wanaanua matanga, na wazee wa ukoo watamkabidhi Alois lile shamba la Mpui, ekari sita. Kama ana neno, aende akaliseme msibani.

Coleta akasema ametoka huko. Alois mwenyewe ndiye aliyemfukuza, palepale uani, kabla mzee yeyote hajatoka nje. Kisha akauliza kama waya umefika nyumba ile. Ulikuwa umefika, tena televisheni iliwekwa sebuleni kwa ajili ya wazee.

Ndipo alipoichomoa deki, akakaa kwenye kiti cha mtangazaji, akaipakata kama mtoto mchanga.

"Washa kamera."

Hamis akamtisha kwa mgambo. Coleta akasema waje, wakae naye hapo, nao waonekane. Bila deki nyumba zote zilikuwa zinaona chenga tupu, na simu zilishaanza kulia. Hamis akaona afadhali picha yoyote kuliko chenga. Akawasha kamera, ila kipaza sauti akakitia mfukoni.

Basi siku nzima Malangali walimtazama mwanamke aliyekaa. Saa ya kwaya alikaa. Saa ya mieleka alikaa, akala kiazi. Watu walipiga simu kuuliza huu ni mchezo gani, na wengine walionya usikatwe kabla hawajarudi kutoka shambani. Nadhira alichungulia dirishani, akamwambia ataota mizizi hapo. Coleta akamjibu kuwa mizizi ndiyo iliyomleta.

Alois alipiga mara tatu. Mara ya kwanza aliamuru kichaa huyo atolewe. Mara ya pili aliomba kamera igeuzwe ukutani, maana wazee wameacha kula. Mara ya tatu sauti ilikuwa imeshuka: mzee mmoja ametoka nje, ameomba maji, na hataki kurudi sebuleni.

Hamis alipomweleza hayo, Coleta alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Sura wameiona," alisema. "Limebaki jina."

Saa kumi na moja ilipofika, Hamis alikuwa amechoka kubishana. Akatoa kipaza sauti mfukoni, akafungua daftari la matangazo, akamuuliza jina lake, angalau watu wajue ni nani aliyewaharibia ratiba.

"Limo humo," alisema Coleta. "Jana ulilisoma vizuri tu, mara baada ya neno marehemu. Lisome tena, huku unanitazama."