Gari Lililosimama

Mchezo ule wa kale wa kompyuta, wa mbio za magari, uliwakubali wachezaji wa nyumba moja tu. Programu ya mtandaoni iliuhadaa, ukadhani Mbarak, aliyelazwa hospitali ng'ambo, yu chumbani pamoja na nduguye Shekue.

"Njoo, kobe wee!" Mbarak alicheka spikani kwa pumzi fupi. "Leo nakuacha."

"Punguza maneno, kaka. Endesha."

Kwenye kona ya mwisho gari la Mbarak likasimama.

"Kaka?"

Mtandao haukukatika, lakini pumzi za Mbarak hazikusikika tena.

Mama yao akachungulia mlangoni. "Alasiri imeshaadhiniwa, mwanangu. Mwambie nduguyo akungoje."

Shekue hakuthubutu kulipita gari lile, kwani mmoja wao akimaliza mbio, mchezo ungejifunga na gari la kaka yake lingetoweka. Akalisimamisha lake ubavuni, na injini zote mbili zikaendelea kunguruma.